Jinsi bakteria wa fizi wanavyoitumikisha kinga ya mwili

Jino lisilo na tundu hata moja linaweza kung'oka lenyewe. Nimewahi kulishika jino la namna hiyo, la mama yangu mzazi: jeupe, zima, mzizi mrefu, na ugaga wa kahawia umeugandamia mzizi huo hadi karibu na ncha. Halikuwa limeoza popote. Lilianguka kwa sababu mfupa wa taya uliolishika ulikuwa umepungua mwaka hadi mwaka, jino likaanza kucheza, likabaki limeshikwa na nyama tu, kisha hata nyama ikaliachia. Mama aliambiwa ni umri. Wengi huambiwa hivyo na wengi hukubali, kwa kuwa ugonjwa huu hauumi kwa muda mrefu, na damu kidogo kwenye mswaki haimtishi mtu.

Umri peke yake hauli mfupa namna hiyo. Nimefanya kazi katika maabara ya mikrobiolojia kiasi cha kulisema hilo bila kusitasita, na nikifikiria jino lile napata uchungu, maana kilichotokea kinaeleweka, tena kwa undani wa kushangaza. Bakteria wa fizi hawatoboi mfupa wala hawautafuni. Wanaoubomoa ni seli za mwili wenyewe, osteoklasti, ambazo kazi yao ya kila siku ni kuondoa mfupa uliochakaa ili mpya ujengwe mahali pake. Seli za kinga zinapokaa kwenye ufizi zikiwa zimechokozwa kwa miezi na miaka, hutoa ishara za kemikali, mojawapo ikiitwa RANKL, ambazo huongeza idadi ya osteoklasti na kuzitia nguvu. Ubomoaji unaupita ujenzi. Mfupa unashuka kidogo kidogo, na ufizi unashuka nao au unabaki juu kama ulivyo ukiacha mfuko mtupu chini yake.

Kwa hiyo swali langu katika makala hii ni moja: bakteria wanafanyaje mpaka kinga iliyotumwa kuwaua iishie kumbomoa mwenye mwili, wao wakibaki salama? Jibu, kwa sehemu kubwa, liko kwenye protini zilizo juu ya miili yao, pale wanapogusana na damu na seli zetu.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022, lilikadiria kwamba zaidi ya watu bilioni 1 wana ugonjwa mkali wa fizi. Si jambo la wachache.

Mwanzo wake hauna siri. Mwaka 1683 Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa Delft, alikwangua utando mweupe kati ya meno yake, akauangalia kwa lenzi alizotengeneza mwenyewe, kisha akaiandikia Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, kwamba ameona viumbe vidogo vingi vikienda huku na huko. Ilichukua karne karibu tatu mtu kuonyesha waziwazi kwamba utando huo ndio unaoleta ugonjwa. Harald Løe na wenzake, huko Denmark, waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kabisa kusafisha meno. Katika siku 10 hadi 21 wote walikuwa na fizi nyekundu zinazotoka damu. Waliporudia mswaki, fizi zao zilipona kwa takriban wiki moja. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1965, na bado ndio msingi wa kila ushauri wa mswaki unaousikia.

Ila uvimbe huo wa awali, jinjivaitisi, mwili unaumudu. Hakuna mfupa unaopotea. Hatari iko kwenye hatua inayofuata, periodontaitisi, ambayo baadhi ya watu huifikia na wengine hawaifikii hata wakikaa na utando uleule. Hapo ndipo bakteria wachache maalumu wanapoingia kwenye hadithi.

Kwanza tuiangalie kinga ya mahali penyewe. Kati ya jino na ufizi kuna mfereji mwembamba, wenye kina cha milimita 1 hadi 3 kwa mtu mzima kiafya. Ndani yake hupita majimaji yatokayo kwenye damu, na pamoja na majimaji hayo hupita neutrofili, seli nyeupe za damu zinazofika kwanza penye uvamizi. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba kila dakika neutrofili karibu 30,000 huingia mdomoni kupitia mifereji hiyo. Zinajipanga kati ya utando wa bakteria na nyama ya ufizi, na kazi yake neutrofili ni kumeza bakteria na kummeng'enya. Zinajuaje pa kwenda? Seli za ngozi ya ufizi hutoa protini iitwayo IL-8, nyingi zaidi karibu na utando na chache zaidi mbali nao, na neutrofili hufuata upande uliko wingi. Hii inaendelea kwa mtu mzima asiye na tatizo lolote, usiku na mchana. Ufizi wenye afya ni mahali penye ulinzi wa kudumu.

Pamoja na neutrofili kuna komplementi, mfumo wa protini zaidi ya 30 zinazozunguka kwenye damu zikiwa zimelala. Kukitokea dalili ya bakteria, protini moja huikata nyingine, nayo ikakata ya tatu, na kila mkato huzaa vipande vyenye kazi. Ikikatwa C3, kipande kimoja hujibandika juu ya bakteria kumtia alama ya kumezwa. Ikikatwa C5, kipande kidogo, C5a, huenda kuita neutrofili, na kipande kikubwa, C5b, huanza kujenga tundu kwenye ngozi ya bakteria ili apasuke. Kariri hizo mbili, C3 na C5, tutazihitaji.

Sasa bakteria. Mwaka 1998 Sigmund Socransky na wenzake wa Forsyth, taasisi ya utafiti wa meno ya Boston, walichambua sampuli nyingi za utando wa chini ya ufizi wakakuta aina tatu ambazo hupenda kukutwa pamoja penye mifuko mirefu na damu: Porphyromonas gingivalis, Tannerella forsythia na Treponema denticola. Wakaziita kundi jekundu. Kila moja ina njia yake ya kukabiliana na kinga, nami nitakaa zaidi na ya kwanza, kwa sababu ndiyo iliyochunguzwa zaidi na kwa sababu ndiyo ninayoifahamu kwa macho yangu.

Ukimwotesha P. gingivalis kwenye sahani ya agari iliyochanganywa na damu, ndani ya chombo kisicho na hewa ya oksijeni, siku za kwanza hakuna cha kuvutia: vidoa vidogo vya rangi ya krimu, vinang'aa kidogo. Ukivumilia, pembezoni mwa kila kidoa panaanza kuwa na rangi ya kahawia. Rangi inasogea kuelekea katikati. Baada ya wiki moja hivi kidoa kizima ni cheusi kama wino, na harufu inayotoka ukifungua chombo husahaulika kwa shida. Weusi huo ni chuma cha damu. Bakteria huyu hali sukari. Anaishi kwa vipande vya protini, na anahitaji hemu, ile sehemu ya damu inayobeba madini ya chuma. Anaikata himoglobini, anachukua hemu, anaibandika juu ya mwili wake kwa tabaka, na tabaka hilo linamkinga pia dhidi ya oksijeni. Kila nikiitazama sahani hiyo ikibadilika rangi naona jambo moja: kiumbe huyu anaishi kwa kutegemea mahali panapotoka damu. Ufizi mzima, usiovimba, ni njaa kwake.

Hilo likikaa kichwani, mengine yote yanafuata. Bakteria anayeishi kwa damu na protini zilizovunjika hawezi kutaka kinga inyamaze kabisa, maana kinga ikinyamaza uvimbe unakwisha na chakula kinakwisha. Anachohitaji ni uvimbe uendelee, damu iendelee kuchuruzika, seli nyeupe ziendelee kuja, lakini zisimmeze.

Chombo chake kikuu ni jinjipeini. Hizi ni vimeng'enya vitatu, RgpA, RgpB na Kgp, vinavyokata protini. Rgp hukata baada ya asidi amino iitwayo ajinini, Kgp baada ya laisini. Kwa kuwa hakuna protini yetu isiyokuwa na ajinini wala laisini mahali fulani, ni vichache sana vinavyosalimika mbele yake. Vimeng'enya hivi hutengenezwa ndani, husafirishwa hadi nje kwa mtambo wa protini unaoitwa mfumo wa utoaji wa aina ya IX, na vikifika nje hupachikwa kwenye molekuli za mafuta na sukari zilizo juu ya ngozi. Vingine hubanduka vikiwa kwenye vifuko vidogo vya ngozi hiyohiyo, vikasambaa kwenye tishu mahali ambapo bakteria mwenyewe hajafika.

Jinjipeini hukata kingamwili aina ya IgG kabla haijafanya kazi. Hukata CD14, kipokezi ambacho seli zetu hutumia kunusia bakteria. Lakini ninachokiona cha ajabu kuliko vyote ni zinavyoshughulika na komplementi. Bakteria wakiwa wachache na jinjipeini zikiwa kidogo, zinauamsha mfumo huo. Zikiwa nyingi, zinauharibu. Zinaichanachana C3, kwa hiyo alama ya kumezwa haiwekwi. Zinaikamata C5 na kuikata kwa njia yake yenyewe, bila kungoja hatua za kawaida, zikiachia C5a iende zake kuita neutrofili, huku kipande cha pili, kile cha kujenga tundu la kumpasua bakteria, kikivunjwavunjwa. Soma tena sentensi hiyo polepole, maana ndiyo kiini cha yote. Ishara ya kuita wapiganaji inabaki. Ya kumuua bakteria inaondolewa. Mkato ni mmoja na faida ni mbili.

Juu ya hapo, jinjipeini yenye sehemu ya kushikia, HRgpA, hunasa protini ya damu iitwayo C4BP. Hii ni protini ambayo seli zetu wenyewe huitegemea kuizuia komplementi isiwashambulie. Bakteria akijivika nayo, komplementi inamwona kama mwenyeji.

Halafu kuna kinachotokea neutrofili inapofika. P. gingivalis ana vinyweleo vya protini, fimbria, anavyotumia kujishikiza kwenye seli. Neutrofili humtambua kupitia kipokezi kiitwacho TLR2. Wakati huohuo C5a iliyotengenezwa na jinjipeini inaamsha kipokezi chake, C5aR1, juu ya neutrofili ileile. Vipokezi viwili vikiamshwa kwa pamoja, ndani ya neutrofili ishara zinachanganyika. Kundi la Toshiharu Maekawa na George Hajishengallis lilieleza mwaka 2014 jinsi inavyokwenda: protini ya kati iitwayo MyD88, ambayo ndiyo inayobeba amri ya kuua, inawekewa alama ya kuvunjwa na inavunjwa na seli yenyewe. Kisha njia nyingine, inayopita kwa protini ziitwazo Mal na PI3K, inawashwa. Njia hii ya pili inazuia nyuzi za protini zinazoipa seli umbo kujipanga kwa ajili ya kumeza, lakini inaendelea kutoa kemikali za uvimbe. Neutrofili inabaki hai, ina hasira, inatema vitu vinavyoumiza tishu, na haiwezi kummeza bakteria aliye mbele yake. Na wala si huyo mmoja tu anayenufaika: bakteria wengine wote waliopo jirani nao wanapona.

Kwangu mimi hapo ndipo picha nzima inapogeuka. Kwa miaka mingi watu wa fani hii walimtafuta muuaji mwenye jeshi kubwa, bakteria aliyejaa penye ugonjwa. Mwaka 2011 kundi la Hajishengallis lilionyesha kwa panya kwamba P. gingivalis akiwa chini ya asilimia 0.01 ya bakteria wote mdomoni anatosha kubadili jamii nzima ya bakteria, ikaongezeka na kubadilika, na panya wakapoteza mfupa. Panya waliolelewa bila bakteria wowote, wakapewa P. gingivalis peke yake, hawakupoteza mfupa. Panya wasio na kipokezi cha C5a nao walibaki na mfupa wao. Yaani bakteria huyu hafanyi uharibifu kwa mikono yake. Anawalegezea wenzake kinga, wenzake wanazaliana, kinga inapandwa na hasira zaidi, na mfupa ndio unaolipa.

Zipo mbinu zake nyingine, nitazitaja kwa haraka. Anaweza kuzizuia seli za ngozi ya ufizi zisitoe IL-8, hata pale bakteria wengine wanapozichokoza, hivyo neutrofili zinapoteza mwelekeo mahali hasa anapoingilia. Na molekuli ya mafuta iliyo kwenye ngozi yake ya nje, ambayo kwa bakteria wengine wengi ni kengele kubwa kwa kipokezi TLR4, yeye huibadilisha umbo. Akiwa na hemu nyingi hutengeneza aina ambayo badala ya kukiamsha kipokezi hicho hukiziba. Chakula kikiwa kingi, yaani damu ikiwa nyingi, ndipo anapozidi kutoonekana.

Tannerella forsythia ana njia ya upole zaidi, nami naipenda kwa jinsi ilivyo safi. Mwili wake wote umefunikwa na tabaka la protini mbili tu, TfsA na TfsB, zilizosukana kwa mpangilio wa miraba, nakala kwa maelfu, unene wa takriban nanomita 22. Ukiliona kwenye picha ya hadubini ya elektroni linaonekana kama mkeka uliosukwa vizuri, hauna mwanya. Protini hizi zimepambwa kwa minyororo ya sukari, na mwishoni mwa mnyororo hukaa sukari ya asidi, ambayo kwa baadhi ya aina ni asidi ya pseudamini na kwa nyingine ni ya legionamini. Zote mbili zinafanana sana na asidi ya siali, ile sukari inayokaa ncha ya minyororo juu ya seli zetu sisi, na ambayo seli za kinga huisoma kama ishara kwamba hapa ni nyumbani, tulia.

Ashu Sharma na wenzake wa Chuo Kikuu cha Buffalo, wakishirikiana na kundi la Christina Schäffer la Vienna, walitengeneza T. forsythia aliyepungukiwa na ncha hiyo ya mnyororo. Protini zipo, mkeka upo, sukari chache tu za mwisho ndizo zilizokosekana. Matokeo waliyochapisha mwaka 2013 yalikuwa ya kushangaza: kwa panya, bakteria huyo aliyevuliwa ncha aliamsha kinga ya aina ya Th17, ile inayosaidia kuita neutrofili, kwa nguvu zaidi, neutrofili zikaja kwa wingi zaidi, na mfupa uliopotea ukapungua. Ninarudia hilo la mwisho kwa makusudi. Kinga iliamka zaidi, mfupa ukapona zaidi, kwa kuwa safari hii neutrofili zilifika mapema na zikafanya kazi yao. Ni onyo kwa yeyote anayefikiri kwamba uvimbe wote ni mbaya au kwamba uvimbe wote ni mzuri.

T. forsythia naye ana vimeng'enya vya kukata protini za komplementi, karilisini na mirolisini miongoni mwavyo. Tena hawezi hata kutengeneza sehemu muhimu ya ukuta wake mwenyewe, asidi ya N-asetilimuramiki. Anaipata kwa bakteria walio jirani. Ndiyo sababu ni vigumu kumwotesha peke yake, na ndiyo sababu ni kosa kumfikiria kama kiumbe anayejitegemea.

Treponema denticola, aliye mwembamba na wa kujisokota, ana protini ndogo kwenye ngozi yake inayoitwa FhbB. Kazi yake ni kunasa protini ya damu iitwayo faktari H, ambayo, kama C4BP, huwazuia walinzi wasiishambulie seli ya mwenyeji. Kisha kimeng'enya chake kiitwacho dentilisini hukikata kile alichokinasa. Kwa nini anase kinga yake kisha aikate? Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba faktari H ikiishaondolewa kwenye majimaji ya mfuko, komplementi inakosa breki, inawaka hovyo na kuumiza tishu, na tishu zilizoumia ndizo chakula. Ukiyaweka hayo pembeni ya jinjipeini unaona lengo lilelile. Protini nyingine kubwa ya ngozi yake, Msp, huingia kwenye mawasiliano ya ndani ya neutrofili na kuifanya ishindwe kujipanga kwa safari. Inaitwa, inashindwa kwenda.

Ninayaeleza haya kwa urefu kwa sababu yana uzito kwa mtu ambaye fizi zake zinatoka damu leo. Kuna matangazo mengi ya vidonge, maji ya kusukutulia na mizizi ya kila namna yanayoahidi kuongeza kinga ya mwili ili fizi zipone. Yananikera sana. Mtu mwenye periodontaitisi hana upungufu wa kinga penye mfuko ule. Neutrofili zimejaa, usaha unaouona ni neutrofili zilizokufa. Kinga ipo tele, tena imechokozwa, ila imeelekezwa kusiko. Kuiongezea nguvu kinga iliyokwisha potoshwa hakumwondoi aliyeipotosha.

Uthibitisho mzuri unatoka kwenye ugonjwa adimu wa kurithi, LAD-I, ambapo neutrofili za mtu haziwezi kutoka kwenye mishipa ya damu kuingia kwenye tishu. Kwa hesabu za kawaida ungesema: hakuna neutrofili kwenye ufizi, basi hakuna uharibifu unaotokana nazo. Kumbe watoto hawa hupoteza mfupa wa taya mapema na vibaya mno. Niki Moutsopoulos na wenzake walieleza mwaka 2014 kwamba bila neutrofili kufika, kemikali ya uvimbe iitwayo IL-17 inakosa breki, na IL-17 ikizidi inaendesha uvimbe usiokoma unaomaliza mfupa. Kwa hiyo neutrofili zikikosekana ni balaa, zikizidi huku zimefungwa mikono ni balaa vilevile. Kinachotakiwa ni ziwepo na zifanye kazi.

Dawa zinazofikiriwa sasa zinafuata mantiki hiyo. AMY-101 ni molekuli ndogo inayozuia C3 isikatwe. Ilijaribiwa kwa watu wenye uvimbe wa fizi, ikachomwa kwenye ufizi mara moja kwa wiki kwa wiki tatu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha uvimbe na damu vimepungua kwa wiki kadhaa baada ya sindano ya mwisho. Bado haijawa dawa ya kununua. Ninavutiwa nayo kwa kuwa haimwui bakteria yeyote. Inamnyima ile komplementi aliyoizoea kuitumikisha.

Njia ya pili ni kuzuia jinjipeini zenyewe. Dawa iitwayo atuzajinistati ilitengenezwa kwa kazi hiyo, ila haikujaribiwa kwa ajili ya fizi kwanza. Ilijaribiwa kwa ugonjwa wa Alzheimer, baada ya utafiti wa mwaka 2019 kudai kwamba jinjipeini zilikutwa kwenye ubongo wa wagonjwa waliofariki. Jaribio kubwa lililotoa matokeo mwaka 2021 halikufikia malengo yake makuu. Nasema hivi kwa sababu habari ya bakteria wa fizi kuleta Alzheimer imezagaa kama jambo lililokwisha kuthibitishwa, na halijathibitishwa. Uhusiano wa ugonjwa wa fizi na kisukari ni imara zaidi: kisukari kisichodhibitiwa huuzidisha ugonjwa wa fizi, na fizi zilizovimba hufanya sukari iwe ngumu kushuka. Sigara nayo ina hila yake, maana hubana mishipa midogo ya damu, fizi za mvutaji zikatoka damu kidogo kuliko zinavyostahili, na ugonjwa ukajificha chini ya ufizi wenye sura nzuri.

Viuavijasumu peke yake havitoshi, na sasa sababu iko wazi. Bakteria wamo ndani ya utando mnene unaozuia dawa, baadhi yao hujificha ndani ya seli za ufizi, na hata wakipungua, mfuko uliovimba unabaki pale pale ukiwa na damu na vipande vya protini, tayari kwa watakaorudi. Tiba inayofanya kazi ni ya mikono. Daktari wa meno au msaidizi wake huingiza kifaa chembamba cha chuma chenye alama za milimita kati ya jino na ufizi, sehemu sita kwa kila jino, na kuzisoma namba kwa sauti. Mbili, tatu, mbili. Ikisikika nne na kuendelea, pana mfuko. Kisha ugaga na utando huondolewa chini ya ufizi, mzizi kwa mzizi, chini ya ganzi pale mfuko ulipo mrefu. Mgonjwa anafundishwa kusafisha kati ya meno kila siku kwa viburashi vidogo, kwa sababu mswaki wa kawaida haufiki huko.

Nilipopimwa mimi, nyuma ya gego moja la juu ilisomwa sita. Nilikuwa naijua namba hiyo ina maana gani, na nilikuwa namjua kwa jina anayeishi kwenye kina hicho. Baada ya kusafishwa niliambiwa nirudi kupimwa tena baada ya miezi mitatu, maana ufizi unahitaji wiki kadhaa kutulia na kujishika upya kwenye mzizi, na ukipima mapema unaichokoza nyama ambayo bado inapona. Namba iliyosomwa safari hiyo ilikuwa nne, na kifaa kilipotolewa hakikuwa na damu.